SOMO LA WAZAZI: Mtoto Akisema Tumbo Linauma Kila Asubuhi

Leo tusome habari za mtoto na shule. Wengi wetu tunadhani kwamba mtoto akishapata sare, daftari na kalamu, kazi ya mzazi imekwisha. Yanayobaki ni ya mwalimu. Je, ni kweli? Hebu kwanza tusome kisa hiki.

KISA CHA MTOTO WA DARASA LA NNE

Katika nyumba moja kijijini palikuwa na mtoto wa kike wa miaka 10. Alikuwa mchangamfu. Mara akabadilika. Kila asubuhi ya siku ya shule alisema, "Mama, tumbo linaniuma." Lakini Jumamosi na Jumapili tumbo haliumi.

Baba yake akasema, "Huyu ni mvivu tu. Mchelea mwana kulia, hulia yeye." Akachukua fimbo. Mtoto akaenda shule akilia.

Mama akampeleka zahanati. Akapimwa damu na choo. Hana malaria, hana minyoo. Baba akasema, "Si nilikuambia?"

Jioni moja mtoto alikuwa akipukuchua mahindi pamoja na bibi yake. Bibi hakumfokea. Alimwuliza polepole, "Mjukuu wangu, huko shule kuna nini?"

Mtoto alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Bibi, kila siku nachelewa. Nikitoka kisimani wenzangu wameshaingia darasani. Nasimamishwa mbele, wote wananicheka."

Kumbe! Kila alfajiri alitumwa maji, safari mbili. Kaka yake wa miaka 13 alikuwa bado amelala. Shuleni aliadhibiwa kwa kuchelewa. Nyumbani alichapwa kwa kuogopa shule.

Bibi akamwita baba wa mtoto. Akamwambia, "Mwanangu, umekuwa ukimchapa mtoto kwa kosa letu sisi." Baba hakujibu neno.

Tangu siku hiyo maji yalichotwa jioni, kaka na dada kwa zamu. Baba alikwenda kuonana na mwalimu wa darasa, wakazungumza. Baada ya wiki chache tumbo liliacha kuuma. Lakini masomo aliyoyakosa yalimchukua muhula mzima kuyafidia.

TUNAJIFUNZA NINI?

Mtoto yule hakusema uongo. Hofu na huzuni huweza kuumiza tumbo au kichwa kweli kweli. Mtoto hajui kusema "nina wasiwasi". Anasema "tumbo linauma". Kwa hiyo tufanye mambo mawili: tumpeleke zahanati, kisha tumwulize kwa upole.

Tazama pia dalili hizi: mtoto aliyeacha kukojoa kitandani anaanza tena, hataki kula, hataki kucheza, anaamka usiku akipiga kelele, alama zake zinashuka ghafla. Dalili moja ya siku moja isikutishe. Lakini ikiendelea, ujue kuna jambo.

MZAZI AFANYE NINI?

1. Usingizi. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kulala masaa 9 hadi 12 kwa siku. Haya, tupige hesabu. Akilala saa 2 usiku na kuamka saa 11 alfajiri, amelala masaa 9. Akilala saa 4 usiku, amelala masaa 7 tu. Huyo atasinzia darasani, na mwalimu atadhani ni mjinga. Alale ndani ya chandarua, maana malaria nayo humkosesha masomo.

2. Chakula. Mtoto mwenye njaa hasikii mwalimu anasema nini. Kikombe cha uji asubuhi ni msaada mkubwa. Tangu Januari 2016, shule za serikali za Tanzania hazitozi ada kuanzia shule ya msingi hadi kidato cha nne. Lakini sare, daftari na chakula bado viko mikononi mwa wazazi. Mkutano wa wazazi ukiitwa kuzungumzia chakula cha mchana shuleni, nenda. Usiseme "watakaloamua na mimi nimo".

3. Kazi na michezo. Kazi za nyumbani zinamfundisha mtoto. Hatusemi asifanye kazi. Tunasema kazi iwe na kiasi, na igawanywe sawa kwa wavulana na wasichana. Abaki na nafasi ya kusoma na ya kucheza. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataja haki ya mtoto ya kupumzika pamoja na haki ya elimu na afya.

4. Mazungumzo. Usiulize tu, "Umepata ngapi?" Uliza pia, "Leo umecheza na nani? Jambo gani limekufurahisha? Jambo gani limekuudhi?" Akikujibu, usimkatize, usimcheke.

5. Daftari. Wako wanaosema, "Mimi nimejifunza kusoma ukubwani, nitamsaidia nini mtoto?" Utamsaidia sana. Kaa naye. Fungua daftari lake. Mwambie akusomee, nawe umsomee gazeti hili. Ukikosea neno, akusahihishe. Mtoto akiona mzazi wake anakosea na kujaribu tena, naye hataogopa kukosea.

6. Mwalimu. Usingoje kuitwa kwa sababu ya kosa. Nenda umwulize mwalimu, "Mtoto wangu anaendeleaje? Ana marafiki? Anaona vizuri ubaoni?" Mwalimu anamwona mtoto mchana, wewe unamwona usiku. Mkizungumza, mtamjua mzima.

JAMBO LA HATARI

Mtoto akikuambia kwamba mtu mzima anamshika vibaya au anamtishia, mwamini. Usimchape, wala usimalize jambo hilo kifamilia kwa kulipwa mbuzi au fedha. Nenda polisi kwenye dawati la jinsia na watoto, au kwa ofisa ustawi wa jamii. Katika Tanzania unaweza pia kupiga simu namba 116. Ni ya kusaidia watoto, na kupiga ni bure.

Ndugu msomaji, wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Malezi hayaishii kwenye lango la shule. Leo jioni, kabla mtoto hajalala, mwulize swali moja tu la upole. Kisha nyamaza, umsikilize.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini mtoto wa kisa chetu alisema tumbo linauma?
2. Baba alikosea wapi? Je, ni baba peke yake aliyekosea?
3. Nyumbani kwako nani anachota maji, na saa ngapi?
4. Watoto wako wanalala masaa mangapi? Andika hesabu yake.
5. Mara ya mwisho ulikwenda lini kuonana na mwalimu, bila kuitwa?