Kupima Nguvu za Mapafu

Kusoma: Mwanzo 2:7

Mchana na usiku unavuta hewa na kuitoa, hata ukiwa usingizini, wala huhesabu. Neno la Mungu linatufundisha kwamba pumzi hii ni zawadi ya Muumba wetu. Lakini siku pumzi inapokuwa fupi, mtu anafahamu bei yake. Mkulima anashindwa kupanda kilima na mzigo wa muhogo. Mama anasimama mara tatu njiani akitoka mtoni na maji. Ndipo munganga anaweza kusema: «Inafaa tupime nguvu za mapafu yako.» Wengi wakisikia hivi wanaogopa. Somo hili litakuonyesha mambo yatakayofanyika, na kwa sababu gani kipimo hiki hakifai kitu bila wewe mwenyewe kusaidia.

1. Mapafu yanaharibika namna gani?

Ndani ya kifua njia za hewa zinagawanyika kama matawi ya mti, kubwa kisha ndogo. Mwisho wake kuna vifuko vidogo sana, na hapo damu inapokea hewa safi. Kwa mwenye pumu njia hizi zinakazwa, kisha zinafunguka tena. Moshi wa tumbako, na moshi wa kuni katika jikoni isiyo na dirisha, unaziharibu polepole kwa miaka mingi. Vumbi la mawe linaumiza vilevile. Wale wanaochimba, kutwanga na kusaga mawe ya zahabu katika Kabambare, upande wa Namoya na Salamabila, wajihazari nalo. Hata mtu aliyepona kifua kikuu anaweza kubaki na makovu katika mapafu.

2. Makohozi yapimwe kwanza

Kama umekohoa majuma mawili ao zaidi, ao unatoa damu, ao unakonda na kutoka jasho usiku, usiombe kipimo cha pumzi kwanza. Peleka makohozi yako kupimwa. Kijidudu cha kifua kikuu kilijulikana tangu mwaka 1882, wakati munganga Robert Koch wa Ujeremani alipokionyesha. Kipimo cha pumzi hakiwezi kukionyesha. Tena, mgonjwa akipuliza kwa nguvu anatupa vijidudu hewani, na wengine chumbani watavivuta. Kwa hiyo usifiche kikohozi chako. Kifua kikuu si uchawi, wala si haya. Dawa zake zinaponyesha, na kwa wagonjwa wengi zinachukua miezi sita. Usiziache katikati kwa sababu umeona nguvu zimerudi.

3. Chombo cha kupimia

Jina lake ni spirometa. Munganga John Hutchinson alikionyesha watu katika London mwaka 1846. Alipima watu zaidi ya 2,000, akaona kwamba mtu mrefu anatoa hewa nyingi kuliko mfupi, na kwamba hewa inapunguka mtu anapozeeka. Ndiyo sababu utaulizwa miaka yako, na utapimwa urefu bila viatu. Usijilinganishe na jirani yako.

Chombo hiki hakinyangʼanyi pumzi ya mtu. Hakuna sindano, wala damu haitoki. Hakipatikani katika kila hospitali. Pengine mgonjwa wa Kasongo ao Kabambare atatumwa mbali, na safari inakula feza na siku nyingi. Basi ujitayarishe vizuri, usirudi bila jibu.

4. Mbele ya kupimwa

Usivute tumbako saa moja mbele ya kipimo, na ni heri usivute kabisa.
Usishibe sana saa mbili mbele yake.
Ukifika kwa miguu ao na mzigo, pumzika kwanza.
Legeza mkanda na kitambaa kilichokaza kifua ao tumbo.
Chukua dawa zako zote. Uliza kama utaacha dawa ya kuvuta asubuhi ile. Usiiache kwa shauri lako mwenyewe.
Sema kama unatema damu, kama kifua ao moyo unakuuma, ao kama ulipasuliwa jicho, kifua ao tumbo siku hizi za karibu. Pengine kipimo kitangoja.

5. Wakati wa kupimwa

Utaketi wima, miguu chini. Pua itafungwa kwa kibanio. Utavuta hewa mpaka kifua kijae, utafunga midomo juu ya mrija safi, kisha utapuliza kwa nguvu na upesi, na kuendelea mpaka hewa imekwisha. Kwa mtu mzima ni karibu sekunde sita ao zaidi. Mama anapowasha moto anapuliza kidogo, anapumzika, anapuliza tena. Hapa sivyo. Ni mpulizo mmoja tu, wa nguvu zote.

Mwuguzi atapaza sauti: «Puliza! Endelea! Endelea!» Hana hasira, anakusaidia. Utafanya hivi angalau mara tatu, kwa sababu mipulizo inapaswa kufanana. Kichwa kikizunguka, sema, nawe utapumzishwa. Pengine utapewa dawa ya kuvuta, utangoja karibu dakika 15, kisha utapuliza tena.

Wengine wanapuliza kidogo kwa haya ya kutoa sauti mbele ya watu. Wengine wanajizuia, wakifikiri kwamba mgonjwa sana atapewa dawa nyingi. Ndugu, mashini haijui kama mapafu yamechoka ao mwenyewe amejizuia. Itaandika uzaifu tu, na munganga atakupa dawa ya ugonjwa usio nao, huku ugonjwa wako ukiendelea.

6. Maana ya jibu

Munganga anatazama hesabu mbili: hewa yote uliyotoa, na ile iliyotoka katika sekunde ya kwanza. Kwa mtu mzima mwenye afya, karibu sehemu saba katika kumi, ao zaidi, zinatoka katika sekunde ile. Zikitoka chache, njia zimekazwa. Dawa ikizifungua sana, pengine ni pumu. Kama hewa yote ni kidogo, pengine mapafu yamekazwa na makovu ao vumbi, na vipimo vingine vitafuata, kama picha ya kifua.

Hesabu ndogo si hukumu ya kufa. Ni njia ya kujua msaada unaofaa. Mwenye pumu atumie dawa yake ya kuvuta jinsi alivyoonyeshwa. Mvuta tumbako aache. Wewe baba, toboa dirisha katika jikoni ya mke wako. Mchimba zahabu aloweshe mawe maji mbele ya kuyapasua, na watoto wakae mbali na vumbi.

Maulizo

1. Kwa sababu gani makohozi yanapimwa mbele ya pumzi?
2. Taja mambo matatu ya kumwambia munganga mbele ya kupuliza.
3. Mtu akijizuia kupuliza, anamdanganya nani?
4. Nyumbani kwako, moshi unatoka wapi, nawe utafanya nini juma hili?