Chapeo ya Zimamoto: Upenu wa Marekani na Kifuu cha Ulaya

Nyumba ya udongo iliyoezekwa kwa nyasi au makuti, ya aina ionekanayo hadi leo katika vijiji vya ukingo wa Ruvuma kama vile Kitaya, mkoani Mtwara, haiungui kama iunguavyo nyumba ya ghorofa. Moto ukishalishika paa hupanda upesi hadi juu, paa zima likawa mwale mmoja, kisha fito na kombamoyo zikaanza kuangukia ndani. Jirani aliyekimbilia humo kumwokoa mtoto au kutoa gunia la korosho hukutana na mambo matatu kwa pamoja: makaa mepesi yanayodondokea nyuma ya shingo, mti mzito unaoangukia kichwa, na joto linalouchoma uso kabla ya moto wenyewe kumgusa. Mambo hayo matatu ndiyo yaliyoiumba chapeo ya askari wa zimamoto popote ilipo duniani.

Watu wa Kitaya wanaujua moto wa paa. Mwezi wa Oktoba 2020 washambuliaji waliovuka Ruvuma kutoka upande wa Msumbiji walikivamia kijiji hicho, wakaua watu na kuzichoma moto nyumba. Msiba wa namna hiyo hauzuiliki kwa kofia, wala makala haya hayadai hivyo. Lakini kuna moto wa jikoni, moto wa kusafisha mashamba na moto wa ghalani, ambao hauhitaji adui. Huo ndio tunaouzungumzia hapa, kwa kuwa elimu ya fizikia ya kidato cha pili na cha tatu yatosha kabisa kutueleza kwa nini kofia za kukabiliana nao zimefuata njia mbili zilizo mbalimbali.

Njia ya kwanza ni ya Marekani. Katika miaka ya 1830 mjini New York, Henry T. Gratacap, aliyekuwa mtengenezaji wa masanduku ya ngozi na mzimamoto wa kujitolea, alishona kofia ya ngozi nene iliyogawanyika vipande, yenye matuta juu yake na ukingo mrefu uliojitokeza nyuma. Ukingo huo ndio moyo wa shauri. Ni upenu. Kama vile upenu wa nyumba uondoavyo maji ya mvua yasiujie ukuta, ndivyo ukingo huo unavyoyaondoa maji ya moto na makaa yasiingie ndani ya kola. Tena, joto lilipowazidi, wazimamoto wa zamani waliigeuza kofia mbele nyuma, upenu ukawa ngao ya uso. Kofia za ngozi za umbo hilo huvaliwa New York hata leo, ingawa kampuni hizo hizo hutengeneza pia za plastiki ngumu na za nyuzi za kioo.

Njia ya pili ni ya Ulaya, nayo ilianzia kwenye kofia za kijeshi. Wazimamoto wa Paris walikuwa askari hasa, na bado ni kikosi cha jeshi la Ufaransa. Kapteni Eyre Massey Shaw, aliyekiongoza kikosi cha London, aliiga kofia zao akawavisha watu wake shaba nyeupe iliyong'arishwa, katika miaka ya 1860. Ilipendeza sana machoni. Lakini shaba hupitisha joto mara mia kadhaa kuliko ngozi, na ubaya mkubwa zaidi ulijitokeza nyumba za mji zilipojaa nyaya za umeme: mtu aliyegusa waya kwa kichwa alikuwa amevaa kipitishi kizuri mno. Katika miaka ya 1930 London iliiacha shaba, ikachukua nyenzo zisizopitisha umeme. Mageuzi makubwa ya Ulaya yalikuja mwaka 1985, pale Paris ilipoanza kutumia chapeo ya Gallet F1. Hiyo haina upenu. Hushuka hadi kufunika masikio na kisogo, mfano wa kofia ya mwendesha pikipiki, na kioo cha uso hujificha ndani ya ganda lake. Umbo hilo limeenea katika nchi nyingi za Ulaya na kwingineko.

Basi ipi bora? Kabla ya kujibu tuutazame mnazi, kwa sababu mnazi umelitatua swali la kwanza, yaani swali la pigo, zamani kabla ya mafundi wa New York na Paris.

Nazi yenye makumbi yake, tungamo kilo 1.5, ikianguka kutoka urefu wa mita 8, hufika chini na nishati ya 1.5 × 9.8 × 8, yaani jouli 118 hivi, kwa mwendo wa karibu mita 12.5 kwa sekunde. Nishati hiyo lazima itumike mahali fulani. Kazi ni kani mara umbali. Kwa hiyo kani ya wastani ni nishati ikigawanywa kwa umbali ambao kitu kimesafiri hadi kusimama. Nazi ikisimama ndani ya milimita 5 tu, kani ni niutoni 23,500 hivi. Ikisimama ndani ya milimita 30, kani hushuka hadi niutoni 3,900. Nishati ni ile ile. Kilichobadilika ni umbali wa kusimama. Makumbi hufanya kazi hiyo: hubonyea, yakaurefusha umbali, na kifuu kilichomo ndani hakipasuki.

Chapeo ni nazi iliyogeuzwa ndani nje. Kifuu, yaani ganda gumu, kimewekwa nje ili kulitawanya pigo lisikae penye nukta moja. Makumbi yamewekwa ndani. Katika kofia ya Kimarekani ya umbo la zamani, sehemu kubwa ya makumbi hayo ni mikanda iliyokiacha kichwa mbali na kilele cha ganda, hivyo utosi hupata umbali mzuri wa kusimamia pigo litokalo juu. Pembeni, penye panja, nafasi ni ndogo. Chapeo ya Ulaya ya siku hizi hukizunguka kichwa kwa bitana pande zote, na pigo la ubavuni hupokewa vizuri zaidi. Mwanafunzi asifikiri kwamba mojawapo haikupimwa. Ulaya ina kiwango chake kiitwacho EN 443 na Marekani ina viwango vya shirika la NFPA. Ila namna za kupima hazifanani, na kuzilinganisha tarakimu zao moja kwa moja ni kosa.

Swali la pili ni shingo. Kofia yenye kilele kirefu huweka kitovu chake cha uzito juu zaidi. Tuchukue kofia mbili, kila moja kilo 1.5, yaani uzito wa niutoni 14.7; kitovu cha moja kiwe sentimita 20 juu ya kiungo cha shingo, na cha nyingine sentimita 26. Mzimamoto akiinamisha kichwa kwa nyuzi 30, momenti katika kiungo ni niutoni-mita 1.5 kwa ya kwanza na 1.9 kwa ya pili. Tofauti hiyo ni ndogo kwa dakika moja. Mtu atambaaye sakafuni kwa nusu saa, kichwa kimeinama, ataijua vizuri. Nilipokuwa masomoni ng'ambo niliwahi kupewa kofia ya ngozi niijaribu kichwani; niliirudisha kwa heshima kabla mwenyewe hajamaliza kunisimulia historia yake.

Swali la tatu, joto, ndilo linalotuhusu sana sisi wa Mtwara, maana mkoa huu una moto wa namna mbili. Gesi asilia iligunduliwa Mnazi Bay mwaka 1982, na tangu mwaka 2015 husafishwa Madimba na kupelekwa Dar es Salaam kwa bomba. Moto wa gesi hauangushi kombamoyo; huchoma kwa mnururisho, yaani joto lisafirilo kama mwanga lisihitaji hewa. Chanzo kikiwa kidogo kulinganisha na umbali, ukali wake hupungua kwa kipeo cha pili cha umbali huo: kwenye mita 20 ni robo ya ule wa mita 10. Hapo ganda linalong'aa, kioo cha uso kilichopakwa utando mwembamba wa dhahabu, na masikio yaliyofunikwa ni faida kubwa. Upenu hauna kazi nyingi.

Penye moto wa makuti hesabu hugeuka. Makaa hunyesha kama mvua, maji ya mpira hurudi yakiwa ya moto, na upenu wa Gratacap huthibitisha busara yake. Ni kweli kwamba chapeo ya Ulaya nayo huongezewa pazia la kisogoni, lakini katika unyevunyevu wa pwani yetu kichwa kilichofunikwa kote hutoka jasho lisilokauka, na jasho lisilokauka halipozi mwili. Zaidi ya hayo, wazimamoto wazee husema masikio ndiyo kipimajoto chao: yakianza kuwasha, wakati wa kurudi nyuma umefika. Sipendi sana kipimajoto cha nyama, lakini hoja yao ni ya haki. Jeshi letu la Zimamoto na Uokoaji, lililoundwa kwa Sheria Na. 14 ya mwaka 2007, huhudumia moto wa aina zote. Kwa maoni yangu kofia za kikosi cha mji wenye gesi na za kikosi cha vijijini hazina sababu ya kuwa sare, na anayeagiza kwa kutazama picha atakuwa amenunua umbo tu.

Liko onyo moja ambalo walimu wa vijijini nawaomba walifikishe darasani. Kutoka Mtwara mjini hadi Kitaya ni mbali. Hata namba 114 ikipigwa mara moja, mzimamoto wa kwanza ni jirani. Naye kofia ngumu aliyo nayo karibu ni ya bodaboda, inayofanana mno na chapeo ya Ulaya. Asiiamini penye moto. Bitana yake ni povu la polistireni, ambalo huanza kulegea kwenye joto la kama nyuzi 100 za Selsiasi, na ganda la plastiki la kofia nyingi nalo hulainika. Ilitengenezwa kwa ajili ya lami. Kitambaa kilicholoweshwa nacho si kinga kamili, kwa kuwa maji yakigeuka mvuke huunguza ngozi.

Kwa somo la vitendo, tafuteni vifuu viwili vinavyolingana, mayai mawili, makumbi yaliyochambuliwa na jiwe la gramu 200. Funikeni yai la kwanza kwa kifuu kitupu kinachokaa juu yake, na la pili kwa kifuu kilichojazwa makumbi unene wa sentimita 2. Diondosheni jiwe juu ya kila kifuu kutoka sentimita 10, kisha 20, kisha 30, mkiandika urefu ambao kila yai limepasuka. Kokotoeni nishati katika kila urefu. Mwisho rudieni kwa kulipiga jiwe ubavuni mwa kifuu likiwa limefungwa kwenye uzi mfano wa timazi, nanyi mtaona kama makumbi ya utosini yanalisaidia yai lililopigwa panjani.