Somo: Ruhusa ya Kazi kwa Anayepigwa Nyumbani



Mtu anayepigwa nyumbani huweza kupoteza na kazi yake pia. Leo yuko kwa daktari, kesho yuko kortini, keshokutwa tajiri amemwandika mtoro. Akikosa mshahara hana nauli wala kodi ya chumba. Basi hurudi kule kule alikopigwa.

Tutazame Nyuzilandi, nchi ya visiwa nayo. Sheria yao ilipitishwa mwaka 2018, ikaanza kutumika tarehe 1 Aprili 2019. Mfanyakazi, mume au mke, aliyetimiza miezi 6 kazini hupata kila mwaka siku 10 za ruhusa yenye mshahara, mbali na likizo na siku za ugonjwa. Aweza pia kuomba abadilishiwe saa au mahali pa kazi kwa muda usiozidi miezi 2, na mwajiri sharti amjibu kabla ya siku 10 za kazi kupita. Mwajiri aweza kutaka uthibitisho, lakini ni marufuku kumtendea vibaya kwa ajili ya masaibu hayo.

Ufilipino ilitangulia: tangu mwaka 2004 sheria yake huwapa wanawake siku 10.

Sasa tujiulize. Wachumaji wetu wa karafuu ni watu wa msimu. Miezi 6 hawaitimizi. Hata sheria ya Nyuzilandi ingewapita. Je, mchumaji asipofika siku mbili, mwenye shamba huuliza kwanza yaliyomsibu, au humpa mwingine mkarafuu wake? Jadilianeni jambo hili matawini.