KWA NINI PANYA WA DARINI WANAPENDA MITAA FULANI?

Somo la afya ya mazingira



Huenda unaishi mtaa ambao usiku ukiingia tu, panya wanaanza kukimbizana juu ya kichwa chako. Mfuko wa unga unatobolewa, sabuni inatafunwa, mtoto anaamka akilia kwa sababu ameumwa kidole. Lakini shemeji yako anayekaa bloku ya pili analala usingizi mzuri. Wengine husema mtaa wenu umerogwa. Wengine humlaumu jirani kuwa ni mchafu, na ugomvi unaanza. Somo hili litakuonyesha kwamba panya hawatumwi na mtu. Wanafuata vitu vinne, na vitu hivyo tunaweza kuvipunguza.

Tumfahamu panya huyu

Panya wa darini ana mwili mwembamba, masikio makubwa, na mkia mrefu kuliko mwili wake. Si panya buku anayechimba mashimo ardhini. Huyu ni mpandaji hodari. Hupanda ukuta wa tope, hutembea juu ya kamba ya kuanikia nguo, na hulala kwenye nyasi za paa. Mimba yake huchukua wiki 3 hivi, na mara nyingi huzaa watoto 5 hadi 8. Baada ya miezi 3 hivi watoto hao nao wako tayari kuzaa. Ndiyo maana ukiua wawili bila kubadilisha kitu nyumbani, baada ya muda mfupi unawakuta wengine.

Vitu vinne anavyofuata

1. Chakula. Unga, mahindi na maharage yaliyowekwa kwenye mifuko, mabaki ya ugali kwenye sufuria, na taka za jikoni.

2. Maji. Ndoo zisizofunikwa na madimbwi karibu na bomba.

3. Maficho. Paa la nyasi lililowekewa turubai juu yake ni nyumba nzuri kwa panya: kuna joto, giza, na mvua haiingii. Kuni na vyombo vibovu vilivyorundikwa ukutani pia ni maficho.

4. Njia ya juu. Hili ndilo wengi wanalisahau. Paa zikigusana, au matawi ya mwembe yakilala juu ya paa, panya anatembelea nyumba kumi bila kukanyaga ardhi. Paka aliye chini hamfikii.

Sasa utaelewa kwa nini mitaa inatofautiana. Mtaa wa zamani una miti mikubwa, majiko yaliyobanana na nyumba, na paa zilizoongezwa nyasi mwaka hadi mwaka. Ukiwa karibu na soko au mashine ya kusaga, chakula hakikosekani. Mtaa mpya wenye nafasi kati ya nyumba hauna njia hizo za juu. Si kwamba watu wake ni wasafi kuliko ninyi.

Hasara na magonjwa

Panya mmoja hula gramu 15 hivi za nafaka kwa siku. Panya 10 kwa siku 30 watakula kilo 4 na nusu za mgao wako, mbali na kile wanachoharibu kwa mkojo na kinyesi.

Mkojo wa panya unaweza kuleta homa ya mgunda, ugonjwa uliozuka mkoani Lindi, Tanzania, mwaka 2022. Viroboto wa panya huambukiza tauni. Ndugu zetu waliotoka Ituri, Kongo, wanaufahamu ugonjwa huo, na wilaya ya Lushoto nchini Tanzania ilisumbuliwa nao kwa miaka mingi kuanzia 1980.

Tufanye nini?

• Weka chakula kwenye ndoo au debe lenye mfuniko unaobana. Mfuko peke yake hautoshi.
• Osha vyombo kabla ya kulala. Funika maji. Fukia taka.
• Kata matawi yabaki mita 2 kutoka kwenye paa. Ondoa kamba zinazounganisha nyumba.
• Panga kuni kwenye kichanja, mbali na ukuta.
• Ziba matundu kati ya ukuta na paa. Tundu linalopitisha kidole gumba linampitisha panya mdogo.
• Tega mtego juu, kwenye boriti anapopita, na uufunge kwa kamba. Panya huyu huogopa kitu kigeni. Weka chambo cha dagaa au karanga siku 3 bila kuutega, azoee. Kisha utege.
• Kabla ya kufagia kinyesi cha panya, kilowanishe kwa maji ya sabuni ili vumbi lisipande.
• Usinunue sumu isiyo na maandishi, wala kutumia dawa ya shambani ndani ya nyumba. Mtoto anaweza kuila.

Kumbuka: nyumba moja ikisafisha peke yake, panya watahamia kwa jirani, kisha watarudi. Mtaa mzima uchague siku moja, na mwenye panga amsaidie bibi asiyeweza kukata matawi.

Tahadhari

Ukiona panya wengi wamekufa bila sababu, usiwashike kwa mikono na usiendelee kuua panya. Panya akifa, viroboto humwacha na kutafuta binadamu. Mwarifu mhamasishaji wa afya siku hiyo hiyo. Viroboto huuawa kwanza, panya baadaye. Mtu mwenye homa kali na mitoki iliyovimba kinenani, kwapani au shingoni apelekwe zahanati bila kuchelewa. Tauni inatibika kwa dawa ikiwahiwa.

Aliyeumwa na panya aoshwe kidonda kwa maji mengi na sabuni, kisha aende zahanati. Chunguza vidole vya mtoto asubuhi hata kama hakulia.

Maswali ya kujadili nyumbani

1. Ni njia ngapi za juu zinazofika kwenye paa letu?
2. Chakula chetu kinalala wapi usiku?
3. Ni kazi gani hatuwezi kuifanya bila majirani?