Deki Kwanza, Kompyuta Baadaye

Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni mpaka 1994, lakini deki za video zilishaingia majumbani kabla ya hapo. Ndiyo maana makabati ya familia nyingi yana mikanda ya zamani kuliko mtu anavyodhani. Kwetu ni harusi, maulidi, ubatizo wa majirani, na salamu za jamaa walioko Muscat na Toronto. Kazi ya kuihamishia yote kwenye diski nilipewa mimi, kwa kuwa ndimi ninayehesabiwa kuwa mtu wa kompyuta. Haya ndiyo niliyojifunza kuhusu vifaa.

1. Pesa iende kwenye deki

Kompyuta ya kawaida inaimudu kazi hii, na mashine ya kuchoma diski si ghali. Kilicho adimu ni deki. Funai ya Japani, kampuni ya mwisho kutengeneza deki za VHS, iliacha Julai 2016, kwa hiyo kila deki iliyopo sokoni imetumika au imelala stoo miaka. Na deki isipoisoma picha sawasawa, hakuna programu itakayoirudisha.

Nikienda kununua huchukua mkanda wa filamu nisiouonea uchungu. Kwanza naupeleka mbele na kuurudisha nyuma nikisikiliza. Mpira uliolegea hujulikana hapo, mzunguko unasuasua. Kisha naucheza. Kamstari ka chenga chini kabisa ya skrini ni kawaida na huonekana tu kwenye kompyuta. Chenga zinazopanda katikati hata baada ya kurekebisha trakingi ni dalili kwamba hedi, yaani vichwa vinavyosoma utepe, ni chafu au zimekwisha. Halafu natazama kitu kilichonyooka, kama fremu ya mlango. Ikipinda juu na kutetemeka, mistari ya picha haifiki kwa wakati mmoja, na kifaa cha kunasia picha kwenye kompyuta kitababaika nayo.

Dawa yake ni saketi ya kusawazisha mistari, iitwayo TBC. Baadhi ya deki za S-VHS za JVC na Panasonic zinayo ndani, nazo huuzwa kwa bei ya kukatisha tamaa. Njia ya mwenye pesa kidogo ni kutafuta rekoda ya DVD ya Panasonic, DMR-ES10 au DMR-ES15, na kuiweka kati ya deki na kompyuta. Hairekodi chochote, picha inapita ndani yake tu na kutoka imenyooka. Sijaona ununuzi mwingine wenye faida kama huu.

2. Uliza mkanda ulirekodiwa nchi gani

Tanzania, Kenya na Oman zilitumia PAL: mistari 625, picha 25 kwa sekunde. Marekani, Kanada na Japani zilitumia NTSC: mistari 525, karibu picha 30. Mikanda ya Muscat ilicheza bila tabu. Wa Toronto ulikuwa na mambo yake. Deki nyingi za mifumo mingi huucheza vizuri kwenye runinga, lakini zinachotoa ni mchanganyiko wa PAL na NTSC ambao vifaa vingi vya kunasia huukataa: picha inakuwa nyeusi na nyeupe au inapanda mfululizo. Muuzaji atakuambia, "Bosi, hii inasoma zote," na hasemi uongo. Swali la kumuuliza ni inatoa nini. Ukipata deki ya Amerika Kaskazini utahitaji na transfoma ya kushusha umeme, maana ile ni ya volti 120.

3. Mikanda midogo

VHS-C ina kasha la kuiingiza kwenye deki ya kawaida. Video8 na Hi8 hazina. Wanaosema lipo wanakupotezea nauli. Hapo kamera ndiyo deki. Baadhi ya kamera za Sony za Digital8 husoma Video8 na Hi8 za zamani na kuzitoa zikiwa dijitali tayari.

4. Kuvu wa pwani

Chungulia kwenye kidirisha cha mkanda. Ukiona unga mweupe kwenye ukingo wa utepe, usiutie kwenye deki yako nzuri, kwa sababu kuvu atabaki kwenye hedi na kuhamia mkanda unaofuata. Ninayo deki ya bei poa kwa ajili ya wagonjwa hao tu. Hedi husafishwa kwa spiriti ya isopropili na ngozi laini, kwa kufuata mzunguko wa silinda inayozibeba, kamwe si juu na chini. Pamba huacha nyuzi. Na kabla mkanda wowote haujaingia popote, vunja kile kijino cha plastiki mgongoni, mtoto asije akabonyeza kitufe cha kurekodi.

5. Kunasa

Vijiti vya USB vya bei rahisi hudondosha picha kompyuta inapozidiwa, kisha midomo na sauti vinaachana. Mwanzoni huoni kitu, kwa hiyo kagua saa ya mwisho ya mkanda. Ukipendelea rekoda ya DVD, diski ya GB 4.7 hubeba saa moja kwa ubora wa juu, au mbili kwa ubora unaovumilika. Mkanda wa E-180 una saa tatu. Ugawe kwenye diski mbili. Ukimaliza, funga diski kwa "finalize", la sivyo huenda isisomeke kwingine.

6. Diski ni ya kutazamia

Shangazi yangu alikataa flashi. "Mwanangu, hiyo nitaichomeka wapi? Nipe sidii yangu." Alipata. Lakini diski ya kuchoma huhifadhi picha kwenye rangi inayoharibiwa na joto na mwanga, na kompyuta nyingi mpya hazina hata mahali pa kuitia. Faili kamili, kama GB 13 kwa kila saa ukinasa kwa mfumo wa DV, ninaliweka kwenye diski ngumu mbili za nje, kila moja nyumba yake. Mikanda yenyewe imesimamishwa wima kabatini, haitupwi. Sidii za shangazi nimeziandika kwa kalamu ya wino wa maji. Stika ya karatasi huifanya diski iyumbe ikizunguka, na deki yake ya DVD haina subira.