Wakfu wa Familia: Kibuli Inatufundisha Nini Sisi wa Busia na Tororo?



Ndugu zangu wanafunzi, ukipanda kilima cha Kibuli, Kampala, utakuta msikiti, shule, chuo cha ualimu, hospitali na kampasi ya Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Uganda. Asili ya yote hayo ni ardhi iliyotolewa na familia moja. Nimechagua mfano huu kwa sababu wengi wetu tunaosoma Busitema na Nagongera tunatoka katika familia zenye ardhi, lakini hatujiulizi ardhi hiyo inaweza kuwafanyia nini wanafunzi watakaokuja baada yetu.

Familia ya Mbogo

Mwanamfalme Nuhu Mbogo, ndugu yake Kabaka Mutesa wa Kwanza, alikuwa kiongozi wa Waislamu wa Buganda. Mkataba wa 1900 ulimtengea yeye na wafuasi wake maili za mraba 24. Alifariki mwaka 1921, akamwacha mwanawe Badru Kakungulu angali kijana mdogo. Badru alipokuwa mtu mzima alitoa ardhi ya Kibuli kwa ajili ya dini na elimu. Shule ilianza katika miaka ya 1940, na msikiti ukakamilika mwaka 1951. Yeye mwenyewe alifariki mwaka 1991, na hadi leo vijana wanasoma pale. Hii ndiyo maana ya sadaka jaria: mtoaji yuko kaburini, na daftari lake la mema halijafungwa.

Asili yake katika sheria

Bukhari na Muslim wamepokea kwamba Umar bin al-Khattab (r.a.) alipata shamba Khaybar, akamwomba Mtume (s.a.w.) ushauri. Alielekezwa alizuie shamba lenyewe na kutoa mazao yake sadaka. Umar akaweka masharti: lisiuzwe, lisitolewe zawadi, lisirithiwe. Akataja wanaostahili mazao, wakiwemo maskini, jamaa na wasafiri, na akamruhusu msimamizi ale kwa kiasi. Katika mapokezi ya Abu Dawud, jambo hilo liliandikwa, na usimamizi akakabidhiwa binti yake, Hafsa.

Tazameni: Umar alikuwa mkweli kuliko sisi, na bado aliandika.

Hali ya kwetu

Huku mpakani ninajua kiwanja kilichotolewa kwa mdomo na mzee mmoja ili ijengwe madrasa. Mzee alipofariki, bei ya ardhi ilikuwa imepanda, na warithi wakaja na kamba ya kupimia. Walioitetea madrasa hawakuwa na hata karatasi moja. Siwalaumu warithi peke yao. Sadaka isiyo na ushahidi huwatia watoto majaribuni.

Tena ardhi nyingi ya Busia na Tororo upande wa Uganda ni ya kimila. Mara nyingi ni ya ukoo, si ya mtu mmoja, na sharti la wakfu ni kwamba mtoaji awe anamiliki anachokitoa. Kwa hiyo familia inayotaka kusaidia chuo ifuate hatua hizi:

1. Ikae kikao, wake na mabinti wakiwemo, ikubaliane ni sehemu ipi inatolewa.
2. Ithibitishe umiliki. Sheria ya Ardhi ya Uganda ya mwaka 1998 inaruhusu hati ya umiliki wa kimila.
3. Iandike wakfu mbele ya mashahidi na mwanasheria, ikitaja lengo wazi: hosteli, maktaba au karo.
4. Iteue msimamizi, na itaje atakayemfuata akifa.
5. Itenge kitu cha kuingiza pato. Jengo lisilo na fedha za ukarabati huanguka.

Wala msidhani hili ni la wana wa wafalme tu. Chumba kimoja cha duka mjini Busia, kodi yake ikiwekwa wakfu, kinaweza kumsaidia mwanafunzi kulipa karo mwaka baada ya mwaka.

Maswali ya halaqa

1. Kuna tofauti gani kati ya wakfu, wasia na zawadi?
2. Ni ardhi gani ya Waislamu mtaani kwenu haina hati, na mashahidi wake wangali hai?

Swali la pili lisingoje muhula ujao. Wazee wanaondoka, na ushahidi wao wanaondoka nao. Ukienda nyumbani likizo hii, chukua daftari, waulize.

Allah azipokee sadaka za waliotutangulia, na atujaalie tuwe waaminifu juu yake. Amin.