KAPU LINALOPIKA BILA MOTO

Maharage yanakula kuni. Kila anayepika anajua hivyo. Unayabandika asubuhi, unachochea, unaongeza maji, unachochea tena. Saa mbili zinapita, saa tatu zinapita, na wewe huwezi kutoka. Ukienda shambani, moto unazimika. Ukimwachia mtoto, ama maharage yanaungua ama mtoto anakosa shule.

Je, maharage yanaweza kuiva huku wewe uko shambani? Ndiyo, yanaweza. Katika somo hili tutajifunza kutengeneza kapu la kupikia. Tutajifunza pia hatari yake. Tafadhali soma mpaka mwisho kabla hujaanza kupika.

CHAKULA KINAIVAJE?

Wengi wetu tunasema moto ndio unaoivisha chakula. Lakini kinachoivisha hasa ni joto. Moto ni njia tu ya kulipata joto hilo.

Maji yakishachemka, joto lake haliongezeki tena, hata ukichochea namna gani. Kule pwani maji huchemka yakifika nyuzi 100. Kwenye nyanda za juu, penye mwinuko wa mita 2,000, huchemka kwenye nyuzi 93 hivi. Ukiongeza kuni juu ya hapo, maji yanageuka mvuke haraka na sufuria inakauka. Chakula hakiivi upesi zaidi.

Basi kuni tunazochoma baada ya sufuria kuchemka zinafanya kazi gani? Zinarudisha joto linalotoroka. Sufuria juu ya mafiga ni kama ndoo inayovuja: unamimina huku, inavuja kule. Lililo bora ni kuziba tundu.

Joto tunalizuia kwa kulifunika. Fikiri habari ya blanketi. Blanketi halina moto ndani yake, lakini usiku wa baridi linakupa joto. Linazuia joto la mwili wako lisitoke. Nyasi kavu, sufi, pamba, pumba za mpunga na matambara hufanya kazi hiyo hiyo. Ndani yake mna hewa iliyotulia, na hewa iliyotulia haipitishi joto upesi. Zikilowa, maji yanachukua nafasi ya hewa, na joto linatoroka.

JAMBO HILI SI GENI

Mwaka 1867, kwenye maonyesho makubwa ya mjini Paris, Ufaransa, watu walionyeshwa sanduku la namna hii kutoka Norwei. Wakati wa Vita Kuu zote mbili, akina mama wa Uingereza walipika katika masanduku yenye nyasi kavu, kwa sababu nishati ilikuwa adimu. Kule Marekani, Irving Naxon alipata hati ya ubunifu mwaka 1940 kwa chungu cha umeme kinachopika polepole. Tangu mwaka 1971 chungu hicho kimeuzwa kwa jina la Crock-Pot. Wazo ni lile lile: joto la kiasi, muda mrefu, kifuniko kisifunguliwe. Tofauti ni kwamba chungu kile kinaongezewa joto na umeme. Kapu letu haliongezewi kitu. Kwa hiyo lazima tuwe waangalifu zaidi.

NYUMBA MOJA

Tuchukue mfano wa nyumba moja kijijini. Anaishi mama kijana, watoto wanne na mama mkwe wake. Mama kijana amesikia habari za kapu kwenye kikundi chao. Anachukua kapu kubwa, anatia nyasi, anaweka sufuria ndogo yenye maharage kilo moja. Asubuhi anayachemsha dakika tano tu, anafunika, anakwenda kupalilia. Anarudi jioni saa 12. Anafungua.

"Mama, mbona hayajaiva? Na yana harufu."

Mama mkwe anagusa sufuria kwa kiganja. Ni vuguvugu.

"Mwanangu, yamwage."

"Mama, kilo nzima? Si niyachemshe tena tu?"

"Yamwage. Chakula kilichoshinda vuguvugu kutwa si chakula cha watoto. Kilo ya maharage utapata nyingine."

Mama kijana anamwaga, roho inamuuma. Jioni hiyo wanakula ugali na mchicha. Majirani wanasema, "Si tulisema? Chakula hakipikwi na kapu."

Nani alikuwa na haki? Mama mkwe alikuwa na haki kabisa. Majirani hawakuwa na haki. Kosa lilikuwa namna kapu lilivyotumika: sufuria ilikuwa ndogo, kuchemsha kulikuwa kwa muda mfupi, na kukaa kulikuwa kwa muda mrefu mno. Hebu tuone inavyotakiwa.

VIFAA

1. Kapu, tenga au boksi kubwa kuliko sufuria.
2. Nyasi kavu, sufi, pamba, majani makavu ya migomba au matambara safi.
3. Kitambaa cha ndani. Kanga kuukuu inafaa.
4. Mto mnene wa kufunika juu, uliojazwa sufi au matambara.
5. Sufuria yenye kifuniko kinachobana.

KUTENGENEZA KAPU

Kwanza, anika nyasi juani mpaka zikauke kabisa. Zikague zisiwe na wadudu.

Pili, tandika nyasi chini ya kapu. Unene wake uwe sentimita 10 au zaidi, yaani upana wa kiganja.

Tatu, weka sufuria tupu katikati. Jaza nyasi pande zote, uzishindilie kiasi. Unene wa pembeni nao uwe upana wa kiganja.

Nne, toa sufuria polepole. Litabaki shimo lenye umbo lake. Tandika kitambaa katika shimo hilo, ukishone kwenye ukingo wa kapu.

Tano, jaribu kuingiza sufuria tena. Ikae kama mguu ndani ya kiatu. Ikicheza, ongeza nyasi, kwa maana nafasi iliyo wazi hupoteza joto.

Sita, shona mto wa juu. Uwe mpana, ubane pande zote.

KUPIKA MAHARAGE

1. Jioni chagua maharage, yaoshe, yaloweke kwa maji mengi usiku kucha.
2. Asubuhi mwaga maji ya kulowekea. Weka maji mapya. Sufuria ijae robo tatu au zaidi. Chakula kingi hutunza joto, chakula kidogo hupoa upesi.
3. Chemsha kwa nguvu dakika 30. Usipunguze. Maharage mabichi, hasa yale mekundu, yana sumu yake ya asili. Joto dogo haliiondoi. Kuchemka kwa nguvu ndiko kunakoivunja.
4. Usitie nyanya wala limau sasa. Uchachu unachelewesha maharage kulainika.
5. Funika vizuri, acha ichemke dakika chache zaidi ili kifuniko nacho kipate moto.
6. Epua. Futa masizi haraka. Angalia chini ya sufuria kusiwe na kaa la moto lililonata. Cheche moja inaweza kuchoma kapu, na hata nyumba.
7. Ingiza sufuria kapuni mara moja. Funika kwa mto. Weka kapu mbali na moto, mahali watoto wadogo hawafiki.
8. Acha saa 4 bila kufungua. Ukichungulia, umeruhusu joto kutoka. Ukifungua, itabidi uchemshe upya.
9. Baada ya saa 4 toa sufuria, uirudishe motoni. Ichemke dakika 10. Sasa tia nyanya, vitunguu na chumvi. Wa pwani, tui zito tia sasa, mwishoni, lipate kuchemka pamoja.

Kama umeingiza sufuria kapuni saa 1 na nusu asubuhi, utaitoa saa 5 na nusu. Umelima, umerudi, na chakula cha mchana kiko karibu.

VYAKULA VINGINE

Mchele: chemsha dakika 5, weka kapuni saa 1. Punguza maji kidogo kuliko kawaida, kwa sababu ndani ya kapu maji hayakauki.

Makande: loweka usiku kucha, chemsha dakika 45, weka kapuni saa 4, kisha chemsha tena mpaka yalainike.

Nyama: kata vipande vidogo, chemsha kwa nguvu dakika 20, weka kapuni saa 3, chemsha tena kabla ya kula.

Ndizi za kupika: chemsha dakika 15, weka kapuni saa 1.

Ugali haufai, maana unataka mwiko. Chapati na vitu vya kukaanga pia havifai.

Mahindi na maharage ya zamani ni magumu. Yakiwa bado magumu lakini yangali ya moto sana, yachemshe tena na kuyarudisha kapuni.

HATARI YA UVUGUVUGU

Hapa soma mara mbili.

Vijidudu vingi vinavyoharibu chakula na kuumiza tumbo hustawi kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60. Juu ya nyuzi 60 haviwezi kuongezeka. Kwa hiyo kapu zuri ni lile linalotunza chakula kikiwa cha moto sana mpaka dakika ya kukitoa.

Utajuaje bila kipimajoto? Fungua kifuniko. Mvuke ukitoka kwa wingi na sufuria haishikiki kwa mkono mtupu, kapu linafanya kazi. Rudisha motoni, chemsha, kula. Kama sufuria inashikika na chakula ni vuguvugu, usikile na usiwape watoto. Kukichemsha tena hakutoshi. Vijidudu vingine huacha sumu ndani ya chakula, na sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha.

Mara ya kwanza usijaribu na chakula. Chemsha sufuria ya maji, iweke kapuni, ifungue baada ya saa 4. Ikiwa vuguvugu, ongeza nyasi, rekebisha mto, ujaribu tena. Hapo utakuwa umepoteza maji tu, hukupoteza kilo ya maharage kama yule mama.

Usiache chakula kapuni usiku kucha. Usihifadhi kiporo ndani yake. Kila wiki toa kitambaa ukifue, nyasi uzianike juani. Zikiota ukungu, zitupe.

FAIDA YAKE

Faida ya kwanza ni kuni. Badala ya saa tatu za moto, maharage yanatumia dakika 40 au 50 hivi. Anayetumia mkaa au gesi naye anaokoa fedha.

Faida ya pili ni pumzi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 moshi na hewa chafu ya majumbani vilisababisha vifo milioni 3.2 duniani. Kati ya hao, zaidi ya 237,000 walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Kapu haliondoi moshi wote, lakini linapunguza muda wa mama na mtoto mgongoni kukaa mbele ya moshi.

Mwaka 2024 Serikali ya Tanzania ilitoa mkakati wa nishati safi ya kupikia. Lengo lake ni asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Hata siku mtungi wa gesi utakapoingia jikoni kwako, usilitupe kapu. Litafanya mtungi ukae siku nyingi zaidi.

Na yule mama kijana? Tuseme alijaribu kwa maji mara mbili, akajaza nyasi, akatumia sufuria kubwa. Siku alipofungua kifuniko, mvuke ulimpiga usoni. Mama mkwe akagusa sufuria, akarudisha mkono haraka.

"Hii sasa inaunguza," akasema. "Haya mwanangu, bandika yachemke, tule."

HESABU

Mama hutumia mizigo 4 ya kuni kwa wiki. Kapu linampunguzia mzigo 1 kila wiki. Mwaka una wiki 52.

1. Kwa mwaka anaokoa mizigo mingapi?
2. Kama kila mzigo unamchukua saa 3 kwenda na kurudi, anaokoa saa ngapi kwa mwaka?

Majibu: mizigo 52, saa 156.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini sufuria ijae robo tatu au zaidi?
2. Kwa nini maharage yachemshwe kwa nguvu kabla ya kwenda kapuni?
3. Ungekuwa wewe yule mama kijana, ungemwaga maharage? Toa sababu.
4. Saa zinazookolewa nyumbani kwenu zitumike kwa kazi gani? Je, baba na watoto wa kiume nao wanaweza kutumia kapu?

MANENO YA KUKUMBUKA

Vuguvugu: si baridi, si moto.
Nyuzi: kipimo cha joto.
Masizi: weusi wa moshi kwenye sufuria.
Sufi: nyuzinyuzi laini za tunda la msufi.

Msomee jirani ambaye bado hajui kusoma. Kisha mkatengeneze kapu pamoja.